Jicho la Mume Wangu na Ulimi wa Brashi

Jumatatu, 3 Machi

Samahani, daftari langu. Tangu mdogo azaliwe sijakugusa. Nilikuwa nakuona pale juu ya kabati, vumbi limekufunika, nakupita kama mtu ninayemkwepa njiani. Kila siku nasema kesho. Kesho nepi, kesho homa, kesho usingizi wenyewe. Ningengoja hata zaidi, lakini leo nina jambo. Nisipoliandika nitalitapika mbele za watu.

Mume wangu kalambwa jicho.

Ndiyo. Kalambwa! Na mwanamke!

Jirani wa mlango wa pili alikuja kuazima pasi. Mume wake ni mlinzi pale karakana anapofanya kazi baba watoto, kwa hiyo habari za karakana hufika kwake kabla hazijafika kwangu. Pasi kashapewa, lakini kakaa. Nikajua kuna kitu. Eti, mwenzangu, jicho la shemeji linaendeleaje? Jicho gani? Akajifanya kushtuka, mkono mdomoni. "Kumbe hujaambiwa! Basi yaache."

Yaache! Nani aliwahi kuambiwa yaache akayaacha?

Ikawa hivi. Alikuwa anakata chuma cha geti, mashine ikarusha chembe, ikamwingia jichoni. Miwani ya kazi ipo, imetundikwa kwenye msumari wake ukutani, inalinda msumari. Akaenda kwa fundi rangi, yule dada wanayemwita Brashi. Brashi kamkalisha juu ya kopo, kamfunua kope kwa vidole viwili, katoa ulimi (jirani akautoa wake kunionyesha, mpaka nikaona chai aliyokunywa), kapitisha mara moja, kaitemea ile chembe kiganjani. Haya, rudi kazini.

Jioni nilingoja baba watoto ale kwanza. Sina desturi ya kumgombeza mtu na njaa. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi.

"Nani kakutoa taka?"

"Brashi."

Hata hakumeza mate.

"Kwa ulimi?"

"Sasa kwa nini, kwa nyundo?"

Akanieleza kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Pale karakana ndivyo wanavyofanya miaka yote. Kidole kinakwaruza, kitambaa kina mafuta, ulimi ni laini. Zamani alikuwapo mzee mmoja wa kuchomelea ndiye aliyewatoa wote. Alipostaafu wakajaribiana, Brashi akaonekana ana ulimi mwepesi kuliko wote.

Wakajaribiana! Nikamuuliza nani alikuwa mwamuzi. Akacheka mpaka akashika mbavu, jicho linachuruzika. Mimi sikucheka. Nimeosha vyombo kwa kelele.


Jumanne, 4 Machi

Ameamka kope zimegandana. Nimezilainisha kwa maji ya uvuguvugu, polepole, na nikamwambia asiende kazini. Ameenda.

Saa nne nikambeba mdogo nikaenda kununua sabuni. Sabuni ipo ya kutosha. Duka liko upande huu, karakana iko upande ule, lakini miguu ni yangu.

Nimemwona. Ovaroli ina rangi zote, kama ukuta wa shule ya watoto. Yeye miwani ya kazi kaivaa! Anapuliza rangi kwenye dirisha la chuma huku kajifunika macho vizuri, halafu za wenzake analamba. Aliponiona akaipandisha kichwani. "Shemeji! Karibu! Huyu ndiye mgeni wetu mpya?" Akanyoosha mikono, kabla sijasema ndiyo wala hapana mtoto kashaenda. Na akamchekea! Mtoto huyu! Bibi yake mwenyewe alikaa naye wiki nzima akiimba na kupiga makofi, hakuambulia hata jino ambalo halipo. Huyu kanusa tu harufu ya tina ya kuchanganyia rangi, kacheka.

Ana kiuno. Ana muda wa kusuka. Anaongea na wanaume wale kama wamezaliwa tumbo moja, na mume wangu kwa pembeni anatabasamu na jicho lake moja.

Mimi blauzi ina mabaka mawili ya maziwa, moja kubwa kuliko lingine.

Nikarudi nyumbani nikiwa nimenuna kuanzia unyayoni. Halafu nikiwa nanyonyesha nikapata akili. Maziwa! Mama mkwe siku zote anasema maziwa ya mama ni dawa ya jicho. Mkubwa wetu alipokuwa mchanga alitoka tongotongo, nikamkamulia, akapona. Sasa mate ya fundi rangi ni kitu gani mbele ya hayo?

Jioni nikamlaza mapajani. Akakubali, mpole kama mtoto. Nikamkamulia matone mawili, matatu. Akasema yana joto zuri. Nikamfuta shavu kwa ncha ya nguo yangu. Muda mrefu hatujakaa hivyo, tangu mimba ianze kuwa nzito. Nikamuuliza, ulimi na hii, kipi? Akasema, mama watoto, lala.

Hakujibu.


Alhamisi, 6 Machi

Leo hakwenda kazini. Hataki mwanga. Nimetundika shuka dirishani, chumba kimekuwa giza, mkubwa anauliza kama baba kawa popo. Jicho limevimba. Anasema ni kama kuna mchanga, ukisugua ni kama mchanga umewashwa moto. Nimekamua asubuhi, mchana na jioni.

Na yule naye kaja.

Kasimama mlangoni na ovaroli yake, hakuingia. Angalau adabu anayo. Akasema, shemeji, nasikia jicho halijatulia. Mimi ninaowatoa taka huwa wanapona kesho yake. Hili lipelekeni hospitali ya macho, leo leo, msingoje.

Ningekuwa nimelisema mimi, ningekuwa nimeshafunga mtoto mgongoni. Lakini limetoka mdomoni mwake! Mdomo uleule! Nikamwambia asante, tunalihudumia wenyewe. "Mnalihudumia na nini?" Nikamwambia, na vya nyumbani. Akaniangalia. Akasema basi msalimie. Nikasema zitafika.

Hazikufika. Sikuzitoa.

Mume wangu kutoka chumbani: "Ni Brashi huyo? Anasemaje?"

"Anaulizia brashi yake."

Sijui lilinitokaje.


Ijumaa, 7 Machi

Nimetoa shuka dirishani nimwangalie vizuri. Kuna kitu cheupe. Juu ya ile sehemu nyeusi, pembeni kidogo, kama punje ya mchele imegandia. Nikadhani ni ute, nikataka kuufuta na pamba. Hautoki. Uko ndani ya jicho.

Tunaondoka sasa hivi. Mkubwa nimemwacha kwa jirani.


Jumamosi, 8 Machi

Tumelazwa. Nasema tumelazwa kwa kuwa mtoto ananyonya na mimi siondoki.

Ngoja niandike alivyosema daktari, nisije nikasahau wakati wa kumweleza mama mkwe. Daktari ni mama mtu mzima, mfupi, anapanda kijistuli kufikia mashine yake. Naye kamfunua kope kwa vidole viwili. Huyu sikumwonea wivu. Kidogo tu.

Kamtia tone la kuondoa maumivu, halafu dawa ya rangi ya machungwa, akawasha taa ya buluu. Akaniita nichungulie. Palepale penye punje pakawa pamewaka kijani. Akasema hicho ni kidonda. Jicho lina kioo mbele, safi kama kioo cha saa, konea ndilo jina lake. Hakina hata mshipa mmoja wa damu. Kikiwa kizima, wadudu wanateleza tu, machozi yanawaosha. Kikikwaruzwa, mlango umefunguka. Wakiingia wanakila. Kikipona kinaacha kovu, na kovu ni jeupe, mtu anatazama dunia kupitia dirisha lenye chokaa. Kisipopona kinatoboka.

Kisipopona kinatoboka. Hapa nimeliandika mara mbili, kichwani sihesabu tena.

Halafu akauliza mmeweka nini humo.

Nilikuwa tayari! Sijawahi kujibu swali haraka hivyo tangu shule. Nikasema, daktari, kuna mwanamke kazini kwao kamlamba. Nesi akainua kichwa. Daktari hakushangaa. Akasema wapo wengi wanaolambana, ulimi una wadudu kuliko unavyofikiria, hata uwe umepigwa mswaki. Na kwa kweli ile chembe haikutoka yote. Kipande kilibaki, kimeshaota kutu, duara dogo la kahawia. Moyoni nikasema, naam! Ulimi mwepesi, naam!

"Na nyumbani mmeweka nini?"

Baba watoto kafumba macho yote mawili, hata lile zima. Mtoto ndiye aliyesema, kavuta blauzi yangu anataka kunyonya, na daktari akaangalia blauzi, akaniangalia mimi.

"Maziwa?"

Nikasema ndiyo. Mara ngapi? Nikasema. Hakunigombeza. Akasema maziwa ni chakula, mama, na wadudu nao wanakula. Wewe kwa mtoto endelea, kwa jicho acha. Nikamuuliza basi ni ipi iliyomharibu, mate au maziwa? Nilitaka jibu. Akasema hawezi kujua. Amekwangua kidogo kapeleka maabara, huko wataona ni mdudu gani, hawataona ametoka kwa nani.

Halafu akasema lile lililoniumiza. Chembe ikiingia, jicho lisisuguliwe, maji safi mengi, halafu hospitali siku ileile. Mngekuja Jumatatu ingekuwa dakika chache. Hata Alhamisi ingekuwa afadhali sana.

Alhamisi.

Amepewa dawa ya matone, aina mbili, kila saa, mchana na usiku. Kwanza hii, subiri kidogo, kisha hii. Kope ya chini inavutwa, tone linaangukia kwenye kimfuko, ncha ya chupa isiguse kope wala jicho. Mikono sabuni kila mara. Jicho lisifungwe bandeji, lisisuguliwe. Manesi ni wawili kwa wodi nzima, kwa hiyo matone ni kazi ya ndugu.

Ndugu ni mimi.


Jumapili, 9 Machi

Mtoto amelala kwenye kiti, nimemzungushia mto asianguke. Baba amelala chali. Nina nafasi mpaka tone lijalo.

Wakati wa kutazama wagonjwa, Brashi kaja. Sikumtambua. Kavaa gauni! La maua madogo, pasi imepita, na viatu vinavyolia. Nikawaza, hili gauni kavaa kwa ajili ya nani? Hospitali ina wagonjwa wengi, lakini mimi nina mmoja.

Na hajafungua mdomo. Kasimama tu pale mwisho wa kitanda. Mume wangu, macho yote yamefumbwa, kasema, "Karibu, Brashi."

Mimi natoka chooni, narudi, ananiuliza nani huyo! Juzi nimemgusa bega kashtuka! Huyu kamjua kwa pua, kwa ile tina yake isiyotoka hata kwa sabuni. Ikabidi nijishughulishe na shuka ambalo lilikuwa limenyooka.

Brashi hakukaa. Akaniomba tutoke kidogo. Kwenye korido akaegemea ukuta. Akasema, shemeji, nitukane tu, mimi ndiye niliyemharibu. Mafundi wameambizana, tangu jana hakuna anayenikaribia, mmoja kaingiwa na vumbi kakimbilia bombani kama kaona nyoka. "Afadhali!" nikasema. Akaitikia, afadhali kweli. Akasema lakini Alhamisi nilikuja nikawaambia, shemeji. Nilikuja.

Hapo ningeweza kumwacha alie. Alikuwa amelibeba lote peke yake, mgongo umepinda. Lakini lile la Alhamisi lilinichoma nikafoka: "Na mimi nikamtia maziwa! Umeridhika?"

"Maziwa gani?"

Nikamwonyesha gani.

Akajishika kichwa. "Shemeji, kwa hiyo mtu mmoja kapata mate na maziwa? Hilo jicho tulikuwa tunalipikia?"

Sikutaka kucheka. Nataka hili liandikwe. Sikutaka! Lakini kicheko kilitoka, na chake kikatoka, tukashikana mikono kwenye korido, watu wanapita na machela wanatuangalia. Nesi akaja kutukemea. Halafu Brashi akaendelea kulia palepale alipoachia, na mimi nikampa ncha ya shuka la mtoto ajifute.

Basi. Haina maana nampenda.

Aliporudi kuaga, mume wangu akasema asante kwa kuja. Kwa sauti gani! Laini. Mimi niko hapa tangu Ijumaa, naambiwa "maji".


Jumatatu, 10 Machi

Majibu ya maabara: ni bakteria, si kuvu. Daktari anasema hiyo ndiyo nafuu yetu, kuvu huchukua muda mrefu na dawa yake ni adimu. Punje haijakua. Haijapungua pia. Mkubwa kapelekewa simu akauliza baba kawa na jicho la paka? Nikasema bado, mama.

Nimesinzia mchana mtoto akiwa kwenye titi. Nesi kanishika bega: tone limepita! Nikaruka. Kasema si lawama, mama, lakini wewe ni mmoja na una kichanga. Mlete mtu wa kupokezana.

Nani? Mama mkwe mikono inatetemeka, na yuko mbali. Jirani ana mkubwa wangu na wake watatu. Mafundi wanaume hawalali wodi hii na mama anayenyonyesha.

Mume wangu kasema kutoka kwenye mto wake, taratibu, kama anayepita karibu na mbwa: "Mwite Brashi. Ana mkono mtulivu."

Nikamwambia mkono mtulivu nimeusikia, na ulimi nimeusikia, kuna kiungo kingine cha kusifiwa nikiandike kabisa?

Akanyoosha mkono akitafuta wangu, akaukosa, akashika chuma cha kitanda. Akakishika hivyohivyo.

Nikauchukua mkono nikauweka kwangu. Lakini sikusema ndiyo.


Jumanne, 11 Machi

Leo nimeharibu.

Nilikuwa nimesimama, chupa mkononi, tone la pili. Nasema nimesimama. Nilikuwa nimelala kwa miguu. Mkono ukashuka, ncha ikagusa kope, halafu chupa ikaanguka sakafuni ikabingirika chini ya kitanda cha pili. Baba watoto alipiga ukelele mmoja tu, mfupi. Nikaiokota nikataka kuifuta kwenye gauni niendelee! Nesi kaninyang'anya. Imeshachafuka hiyo, unataka kumwekea wadudu wengine? Akaitupa. Chupa ya wodi waliyobaki nayo tumeazimwa mpaka usiku, kesho lazima tuwe na yetu.

Daktari kapita. Kapanda kijistuli chake. Kaangalia muda mrefu. Kasema katikati pamekuwa pembamba. Siku hizi mbili ndizo zitakazosema. Matone yasikosekane hata moja. Akaniangalia machoni, akaangalia mtoto, akaniuliza kwa upole, kweli huna mtu?

Ninaye.

Nimemwangalia mume wangu alivyolala, lile jicho zima nalo kalifumba ili lile bovu lisitikisike. Hata akilipoteza, bado nitakuwa wa kwanza kuonwa na lile lingine. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kisha nikajiambia, mwanamke, unataka akuone na mangapi?

Nitampigia simu. Naandika kwanza hapa, nitasoma, ili nisiseme nisiyotaka kusema. Simu ina chaji kidogo, na mimi nina maneno mengi.

Brashi. Ufunguo uko kwa jirani. Leta:

Chupa ya dawa, ile yenye kifuniko cha kijani. Jina nimemtumia jirani kwenye simu, mwambie akuonyeshe, usikubali ya kufanana. Duka la dawa liulize kwanza kama ilikaa kwenye friji.

Nepi za kitambaa, zilizo kwenye kamba ya ndani. Zote. Za nje bado mbichi.

Sabuni ya kipande, isiyo na marashi.

Taulo ndogo mbili mpya. Si zile za chumbani kwetu. Chumbani kwetu hakuna haja ya kuingia sana.

Shati lake la vifungo, liko nyuma ya mlango. La kuvaa kichwani linamkwaruza jicho. Likunje tu. Usilinuse.

Sweta langu. Chaja.

Picha aliyochora mkubwa, jirani anayo. Baba yake ataiona akiweza.

Kanga au shuka la kulalia wewe. Maana ninakuhitaji na wewe mwenyewe. Njoo leo, usingoje kesho. Gauni acha, njoo na ovaroli. Kucha kata. Mikono ioshe mpaka kwenye kiwiko, hiyo tina yako isugue. Wewe utachukua kuanzia jua likizama mpaka mtoto aamke, mimi nitalala chini hapahapa, miguuni pa kitanda. Vuta kope ya chini, tone moja, chupa isiguse. Ulimi ubaki mdomoni.

Na akisema asante, niamshe.